Nipo ya Nusu

Naandika haya nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa. Suruali yangu ya kikao imelowa kuanzia kiunoni kushuka, na ukuta wa bafu umechomekwa kitambaa kilichosokotwa, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Kikao cha kamati ya harusi ni saa kumi. Mimi ndiye mwenyekiti.

Nianze na maji. Wiki nzima hayakutoka, mnajua wenyewe. Leo alfajiri bomba likakohoa, likatema upepo, likatema kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kisha maji yenyewe. Mama Neema akaamsha nyumba nzima. Yakajazwa madumu, ndoo, sufuria, mahotipoti, hadi beseni alilokuwa akiogeshewa Neema, ambaye sasa yuko darasa la sita. Tuko kwenye furaha hiyo, mara bafuni nasikia: to. To. To. Bomba la mvua linavuja pale linapotokea ukutani.

Mimi tone halinikoseshi usingizi. Nimelala na feni inayolia, nimelala na jirani mwenye spika, tone ni nani? Tatizo ni Neema. Alikinga kikombe, akachukua saa na daftari, akaja sebuleni na jibu lake: tone moja kila sekunde, ukikinga tangu asubuhi hadi asubuhi, ni kama lita 20. "Baba, tunamwaga dumu zima kila siku." Mama Neema akanitazama. Juzi tu tumenunua dumu kwa kijana wa mkokoteni kwa bei ambayo sitaki kuitaja mbele ya watu wenye shinikizo la damu.

Hapo ningempigia fundi mambo yakaisha. Lakini shetani akampa bando shemeji yangu aliyeko Ujerumani.

Shemeji kanunua gari la kulala. Ni gari kubwa lina kitanda, jiko, na bafu humohumo ndani. Anaendesha mpaka ziwani, anaegesha, anaoga. (Mtu ana nyumba, analipa kodi ya nyumba, halafu anakwenda kulala kwenye gari kwa raha zake. Huku kwetu ukilala kwenye gari ujue limeharibikia Chalinze.) Nikamweleza habari ya tone, akafurahi kupita kiasi.

"Shem, hata langu lilivuja! Unajua niligunduaje? Usiku wa manane pampu inaunguruma yenyewe, na koki zote nimefunga." Akanieleza kwamba pampu zile zinatumia betri ya volti 12, zinasukuma maji mpaka presha ijae kwenye mipira, kisha zinanyamaza. Ikianza kulia wakati hakuna anayeoga, basi maji yanatoka mahali. Gari linatikisika barabarani, nati zinalegea, maji yanapenya chini ya bafu, mbao za sakafu zinaoza polepole mpaka siku mguu unazama. Na baridi ikiingia hujamwaga maji yote, yanaganda, yanatanuka, yanapasua koki. Nilimsikiliza kwa heshima. Nikasema moyoni, afadhali sisi, maji hayapati hata muda wa kuganda.

"Sasa fanya hivi," akasema. "Funga maji. Fungua bomba. Safisha uzi, ile mikato ya kuzungushia, kwa brashi. Viringisha tepu nyeupe kufuata mshale wa saa, ukienda kinyume itajivua wakati unakaza. Rudisha, kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko. Dakika kumi."

Dakika kumi! Nikaingia bafuni na spana ya kuazima.

Funga maji, anasema. Valvu iliyo kwenye mita yangu ilishafariki. Ukiizungusha kulia inazunguka, kushoto inazunguka, unaweza kuizungusha mpaka Iddi na maji yanakuangalia tu. Nikasema potelea mbali, tutakaza hivyohivyo, bila kufungua. Robo mzunguko.

Nilichosahau ni kwamba vya shemeji ni vya plastiki na vina miaka miwili. Changu ni chuma, kimekaa ndani ya ukuta wenye chumvi kwa miaka ambayo hata mama mwenye nyumba haikumbuki. Nikavuta spana. Kikasema "kak," kwa sauti ndogo tu, ya adabu. Bomba la mvua likabaki mkononi mwangu. Uzi wake ukabaki ukutani.

Ile presha! Mwezi mzima tunalalamika maji hayana nguvu, kumbe yalikuwa yanajichanga. Yalinipiga kifuani nikarudi hatua mbili. Mama Neema akaja, akatazama, hakusema neno. Akaweka ndoo chini ya mkondo. Ikajaa, akaweka nyingine. Haikupita robo saa nikaona Mama Shukuru wa chumba cha pili yuko mlangoni kwangu na madumu manne: "Baba Neema, samahani, nasikia kwako yanatoka vizuri." Nyuma yake wapo wengine watatu. Foleni imeingia mpaka bafuni kwangu, na mimi nimesimama pale na taulo kama mhudumu wa kisima.

Nikampigia fundi. "Nipo, mzee wangu, nipo njiani." Nyuma yake nasikia vijiko na sahani. Akasema nichomeke kitambaa na kijiti, halafu niende dukani nikachukue nipo ya nusu (kipande cha bomba chenye uzi ncha zote mbili), elbo ya nusu ya uzi (ile kona ya bomba), na tepu, ili akifika iwe ni kufunga tu.

Basi nikaenda duka la vifaa vya ujenzi. Kaunta ina wavu wa nondo, nyuma ya wavu kuna kijana anakula mihogo ya kukaanga na pilipili, mbele ya wavu kuna watu sita, kila mmoja anajua anachotaka. Zamu yangu ikafika. Nikasafisha koo.

"Nipo ya nusu."

"Naona upo, mzee. Unataka nini?"

Watu wakacheka. Nikasema kwa utulivu wa mwenyekiti: "Nataka nipo. Ya nusu inchi."

"Ya chuma, ya gundi, au ya kuchomelea?"

"Ya bomba."

"Zote za bomba, mzee. Fupi au ndefu?"

"Ya kawaida."

"Hakuna ya kawaida. Na elbo? Jike kotekote, au huku dume huku jike?"

Jamani. Nina miaka arobaini na saba, nimesoma, nina kitambulisho cha taifa kisichofutika maandishi, sijawahi kuulizwa swali kama hilo mbele za watu. Nikasema chochote kitafaa. Kijana akaweka muhogo chini, ishara kwamba sasa tunaingia kwenye mambo mazito. "Mzee, ukichukua dume na kule kuna dume, haviingiliani. Kule ukutani kuna nini?"

Bibi mmoja aliyekuja kununua misumari ya bati akaniokoa, kama kuokoa ndiko huko. "Mwanangu, limevunjika?" Ndiyo, mama. "Uzi umebaki mle ukutani?" Umebaki, mama. Akawageukia wote kama anayesoma hukumu: "Basi dume limekatikia ndani ya jike."

Duka zima kimya. Na katika kimya kile, sauti nyuma yangu: "Shikamoo mwenyekiti!" Ni mjumbe wangu wa kamati ya harusi. Huyu ana ahadi ya laki mbili tangu mwezi wa pili, kila nikimpigia yuko msibani. Leo yupo, mzima wa afya, ananunua rangi.

Nikaona bora wataalamu waongee wenyewe. Nikampigia fundi, nikaweka sauti ya juu, nikapitisha simu kwenye wavu. Kosa! Kumbe wanajuana. "Aah, ni wewe! Lile goli juzi uliliona?" Wakaanza Simba na Yanga, kwa dakika zangu, na simu yangu ikipakwa pilipili. Nikaonyesha ishara ya elbo kwa mkono, nikakunja kiwiko kabisa, kijana akanipungia kwamba nisubiri. Wakamaliza Yanga, wakaingia kwenye kiwanja cha Kivule kilichouzwa mara mbili. Mwisho nasikia fundi anasema, "Sasa huyo mzee umpe..." na salio likaisha.

Umpe nini? Hatutajua. Nikanunua zote. Elbo jike, elbo dume kwa jike, nipo fupi, soketi ambayo hakuna aliyeitaja, tepu mbili. Nilitoka pale na ukoo mzima kwenye mfuko. Risiti imegongwa muhuri: bidhaa ikiuzwa hairudishwi.

Fundi alifika saa tisa na nusu, nimeshavaa suruali ya kikao. Alikuja na msaidizi, na msaidizi amebeba spana moja. Wakasimama bafuni wakitikisa vichwa. Fundi akavuta pumzi, akauliza lile swali lao:

"Mzee, hii kazi ulifanyiwa na nani?"

"Na wewe."

Akatazama tena. "Ndiyo maana imedumu," akasema, na akachomoa kitambaa bila kunionya. Suruali ndiyo hii.

Lakini nisimseme vibaya, mkono anao. Alichukua kipande cha tupa ya pembe tatu, akakipigilia ndani ya kile chuma kilichobaki, akabana spana, akazungusha kinyume huku maji yanampiga usoni na macho kayafumba, kama anasikiliza. Chuma kikalia, kikatoka kizima, kimeliwa na kutu mpaka kimekuwa chembamba kama ganda la yai upande mmoja. Nilikishika mkononi. Hiki kingevunjika hata kwa chafya, si lazima shemeji.

Halafu akaomba nipo. Nikampa. Akaipima, akanirudishia. "Mzee, hii fupi. Ukuta una vigae, uzi hautafika." Elbo je? "Elbo ya nini hapa? Ni nipo ndefu tu na tepu." Elbo aliitaka nani? Akasema ile ilikuwa ya tahadhari. Akarudisha kitambaa, akaomba ya soda, wakaondoka na ile spana kufuata nipo ndefu. Nimepiga simu mara mbili. "Nipo, mzee, nipo hapahapa." Ya nusu hiyo.

Sasa nawaambia kitu cha ajabu. Dakika tano zilizopita kitambaa kimekauka chini. Nimekichomoa kidogo, hakuna kitu. Nimefungua koki ya jikoni, imepiga mluzi. Wamekata. Kwa hiyo, kiufundi, bafu langu halivuji, na shemeji kanitumia ujumbe kuuliza kama zile dakika kumi zilitosha.

Nami niende kikaoni na suruali gani? Na mle bafuni kuna madumu kumi na moja yamejaa, siwezi hata kupita, na hakuna dumu hata moja lenye kifuniko chake. Moja limezibwa kwa gunzi la muhindi, manne kwa mfuko wa plastiki, moja kwa kiazi. Dumu linanunuliwa na kifuniko. Nimenunua mwenyewe, nimekiona, chekundu, kimefungwa vizuri. Baada ya siku mbili hakipo. Si kwangu tu, nenda kwa Mama Shukuru, nenda kisimani, wote magunzi. Neema nimemuuliza, anasema hajui. Mama Neema anasema niulize wanaume. Mimi ndiye mwanaume pekee humu ndani, na vifuniko sijavila.