Mama Hafanyi Hivyo

Ijumaa jioni mama watoto alitoka na begi lake la magurudumu, akarudi mlangoni mara tatu. Mara ya kwanza alisahau chaja. Mara ya pili alirudi kumbusu kitinda mimba, ambaye alikuwa ameshambusu. Mara ya tatu akanipa karatasi iliyojaa mwandiko mpaka pembeni, akasema, "Baba watoto, kila kitu kiko humu."

Nikacheka. Karatasi? Mimi? Kwa watoto wangu mwenyewe? Kazini nasimamia watu wazima 17, wawili kati yao hawasemeshani tangu mwaka juzi, na kazi inakwenda. "Wewe nenda kwa amani," nikamwambia. "Siku mbili ni nini?" Hakujibu. Alinitazama tu kama mtu anavyomtazama kuku aliyejipeleka jikoni mwenyewe.

Karatasi nikaibandika kwenye mlango wa friji. Nikasoma mistari miwili ya juu, kwamba maziwa ni asubuhi na pampasi ziko kabati la chini, nikaona yaliyobaki ni wasiwasi wa mama tu.

Niwatambulishe kwanza. Kifungua mimba ana miaka sita na ni mwanasheria. Hakusomea, kazaliwa nayo. Wa kati, wa kiume, ana miaka minne, na "kwa nini" zake huanza akifumbua macho na haziishi, hukatika tu usingizi ukimzidi nguvu. Kitinda mimba ana mwaka mmoja na nusu. Maneno hana mengi, lakini hakuna mahali asipotakiwa kufika ambapo hajafika.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, nilifunguliwa jicho. Sisemi niliamka. Nilifunguliwa, jicho la kulia, kwa kidole, kama mtu anavyoinua mfuniko achungulie sufuria imefikia wapi.

"Baba, umelala?"

Hapa nina malalamiko na sijui niyapeleke wapi. Hawa ndio watoto ambao siku za shule huamshwa kwa maji, kwa vitisho na kwa ahadi zisizotekelezeka. Siku ya shule kifungua mimba huvaa soksi moja kwa robo saa. Ifike Jumamosi, nyumba nzima iko macho kabla ya jogoo, soksi zimevaliwa, na tena za kwangu.

Tukaenda jikoni. Nikamimina maziwa kwenye vikombe vitatu nilivyovikuta mezani, nikavigawa. Kimya. Halafu wa kati akakitazama kikombe chake kama nimemwekea sumu.

"Mama hafanyi hivyo," akasema mwanasheria kwa niaba ya mteja wake.

Kumbe kikombe cha bluu ni cha wa kati, ila siku ambazo hajalia usiku. Akiwa amelia, kinahamia kwa dada yake, na yeye anachukua cha njano, na cha kijani hakiguswi na mtu. Kwa nini hakiguswi? Hakuna aliyejua. Nimeishi katika nyumba hii miaka yote, kodi nalipa mimi na mama yao, na sikuwahi kujua kwamba ina katiba. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimelisikia hilo "mama hafanyi hivyo" mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu. Mama hakati mkate hivyo. Mama hafungi viatu hivyo. Mama hapumui kwa nguvu hivyo akipanda ngazi.

Lakini tuje kwenye yai, maana yai ndilo lililonivunja.

Nilimchemshia wa kati yai. Nikalimenya, tena vizuri, bila kulijeruhi hata mahali pamoja, nikaliweka kwenye sahani linang'aa. Nikasubiri shukrani. Mtoto akaliangalia, mdomo wa chini ukaanza kutetemeka, machozi yakajaa bila kudondoka bado.

"Nilitaka kumenya mwenyewe."

Nikamwambia hakuna shida, baba atakuchemshia lingine. Hapana. Alilitaka hilo hilo. Alilitaka hilo hilo, likiwa na ganda lake. Basi mimi, mtu mzima mwenye vyeti, nikainama kwenye pipa la taka, nikaokota maganda. Nikayasuuza. Nikaanza kuyarudisha kwenye yai kipande kimoja kimoja, nikitafuta kipi kinaingiana na kipi. Na niwaambie, ganda la yai halirudi. Lile kubwa la kitakoni lilikubali kukaa kama kofia. Mengine yalishika kidogo kwa ule unyevunyevu, nikiachia mkono yanateleza yote. Nimefanya kazi hiyo dakika kumi, mgongo umepinda, nimebana pumzi, na mtoto amesimama pembeni yangu ameacha kulia, ananiangalia kwa huruma.

"Baba," akasema, "kwani hujui kwamba haliwezekani?"

Nikachemsha lingine. Nikampa na ganda lake. Akaliangalia, akanirudishia. "Nimenyee."

Pampasi nazo. Wenye kuzoea watanicheka, lakini wanisikilize. Suruali zangu zote zinafungwa mbele. Koti linafungwa mbele. Kwa hiyo nilipoona pampasi ina vibandiko upande mmoja, nikahitimisha kama msomi kwamba upande huo ndio wa mbele. Kitinda mimba hakunisaidia. Ukimlaza chali anageuka kifudifudi, ukimgeuza anakaa, ukimkalisha ameshashuka, naye anacheka. Nilifanikiwa kubandika nikiwa nimemzuia kwa goti moja na kwa mswaki, ambao ndio kitu pekee alichokubali kukishika. Nusu saa baadaye alipita sebuleni akikimbia, na nyuma yake pampasi ikafuata peke yake mpaka karibu na kochi, ikasimama. Ndipo nilipojua vibandiko hutoka nyuma vikaja kubandikwa mbele. Nilijua kwa gharama ya kapeti.

Saa tatu asubuhi nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Ndiyo, niliomba. Nikafunga mlango kwa komeo, nikaketi, nikashusha pumzi, nikafungua simu nitafute kama kuna binadamu mwingine aliyewahi kupitia haya. Nikakuta mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Unasema mtoto wa umri wa wa kati anatakiwa ajishughulishe kimwili dakika 180 kwa siku. Nikaangalia saa. Tangu alfajiri alikuwa ameshazimaliza na ameanza za kesho. Unasema mtoto wa mwaka mmoja hafai kabisa kuwekwa mbele ya skrini, na wa miaka minne asizidishe saa moja. Hapo nikafunga simu taratibu, kwa sababu kutoka sebuleni nilikuwa nasikia katuni, na ile katuni iliwashwa kabla jua halijachomoza. Unasema pia mtoto wa mwaka mmoja alale muda wa saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Sikatai. Labda wangu analipa kwa awamu.

Nikiwa bado nawaza, vidole vikapita chini ya mlango. Vinne vidogo, vina maziwa.

"Baba, unafanya nini?"

"Nipo chooni."

"Kwa nini?"

Nilipotoka nikahesabu watoto, maana tabia hiyo niliianza mapema: moja, mbili... mbili. Wa kati hayupo. Nikapita vyumba vyote nikiita kwa ile sauti ya mtu anayejifanya hana wasiwasi. Nikamkuta bafuni, amepanda juu ya ndoo, kioo chote cheupe kwa dawa ya meno, na anasugua kwa bidii. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anampiga mswaki yule mtoto, kwa sababu kila asubuhi anafungua mdomo na hakuna anayemsaidia. Sasa unamgombezaje mtu wa namna hiyo? Nilichukua kitambaa nikafuta, na mswaki niliokuwa nautafuta tangu asubuhi ukaonekana. Ulikuwa wangu.

Saa saba mchana mama watoto akapiga simu. Nilisimama wima kabla ya kupokea, kama anayeniona.

"Vipi huko?"

"Salama kabisa! Hapa tunapumzika tu."

"Karatasi inakusaidia?"

"Sana." Wakati huo karatasi ilikuwa imelowa maziwa ubavu mmoja na nimeigeuza kuwa kibao cha kuzuia mlango wa friji usifunguke.

"Nipe mkubwa."

Nikampa simu kwa shingo upande. Mwanasheria akajibu maswali yote kwa sauti ya chini, akiniangalia usoni. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Mara tatu. Kwenye kapeti. Halafu akasema, "Hapana, halii. Amekaa tu."

Usiku ndio ulionitisha kweli. Nilipomlaza kitinda mimba nikaona paji la uso lina moto. Najua, alikuwa chini ya blanketi mbili, nilizomfunika mwenyewe, lakini saa nne ya usiku akili haifanyi hesabu hiyo. Nikatafuta kipimajoto: 37.1. Homa huanza kuitwa homa kwenye 38, hilo nalijua, lakini nikajiambia labda kifaa kimeharibika. Nikajipima mimi. Nikampima mkubwa akiwa amelala. Nikampima tena mdogo. Sote tulikuwa wazima, na mimi ndiye niliyekuwa nakaribia kuugua. Nikaona nijiandae tu, endapo. Dawa ya maji ya watoto ya kushusha homa, ukisoma boksi, inakwenda kwa uzito wa mtoto. Uzito wake sikuujua. Nikatoa mzani, nikamsimamisha juu yake, akashuka. Nikamsimamisha, akashuka. Basi nikatumia njia ya wazee: nikapanda naye mikononi, nikasoma, nikamweka chini, nikapanda peke yangu, nikasoma, nikatoa. Mtoto ana kilo 11, Mungu ambariki. Zangu sikuziuliza, lakini nilishaziona, na ndizo zilizoninyima usingizi. Yeye dawa hakuihitaji hata tone. Nilipoondoa blanketi moja alipoa akalala fofofo.

Jumapili nitaipita haraka, maana mengi yake nimeyasahau, na mwili una hekima yake. Nakumbuka rimoti ilipotea na tukaangalia idhaa moja ya hali ya hewa mpaka wa kati akaanza kutabiri mvua. Nakumbuka kiatu kimoja cha kitinda mimba, kimoja tu, wakati wote kimoja. Nakumbuka mchana nilijaribu kuwahadithia ya sungura na fisi ili walale, nikaruka pale katikati pa kisima nifike mwisho upesi, na mahakama ikanirudisha. "Baba, kisima umekiacha." Nikarudi kisimani. Nikaeleza kisima, kamba ya kisima, ndoo ya kisima, na mahali fulani kati ya kamba na ndoo tukafanikiwa, usingizi ukaja. Ulinijia mimi. Nilipozinduka nilikuwa na stika kumi na moja usoni, mojawapo juu ya jicho, na sebuleni wanakimbizana.

Saa kumi na mbili na nusu jioni begi la magurudumu likasikika nje. Nilikuwa na dakika moja. Niliitumia kama wanavyotumia wanajeshi: vinyago chini ya kochi, vyombo ndani ya oveni, kapeti nikaigeuza upande wa pili. Nikaketi, nikakunja nne, nikachukua gazeti.

Mama watoto akaingia. Watoto wakamvamia. Akawabusu mmoja mmoja, akageuza kichwa mara moja tu, kushoto kwenda kulia, na sijui aliona nini ambacho sikukiona siku mbili nzima, lakini alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la viatu, akaingiza mkono ndani ya buti langu, akatoa rimoti. Akaingiza tena, akatoa kiatu cha kitinda mimba.

"Mlishindaje?"

"Salama tu."

"Baba alirudisha ganda la yai," akasema mwanasheria.

"Alirudisha nini?"

Nikaomba ruhusa niende chooni. Nikafunga komeo, nikaketi, nikafumba macho. Dakika haikuisha, vidole vikapita chini ya mlango. Safari hii kimoja kilikuwa na pete.

Vilisukuma karatasi. Ile ile, yenye alama ya maziwa ubavuni na tundu la kibanio, ila imelala kwa mgongo. Sikuwahi kuigeuza. Nyuma nako kulikuwa na maandishi, namba moja hadi kumi na nne, na kikombe cha kijani kilikuwemo, na blanketi zilikuwemo, na mishale ya kuonesha mbele na nyuma ya pampasi ilikuwemo, imechorwa. Namba moja ilikuwa imepigiwa mstari mara mbili.

"Yai usimmenyee."