Nywila isimbwe, au ihifadhiwe heshi yake tu?

Msanidi akisema nywila za watumiaji "zimesimbwa" katika hifadhidata, bado hajasema jambo la msingi, yaani kama zinaweza kusimbuliwa. Kusimba, yaani kuigeuza nywila isisomeke, huhitaji ufunguo, na aliye nao huipata nywila kama ilivyoandikwa. Heshi, yaani mfuatano wa herufi unaokokotolewa kutoka kwenye nywila, haina ufunguo wala njia ya kurudi, hivyo mfumo huikokotoa upya kila mtumiaji anapoingia na kulinganisha matokeo.

Wanaotetea usimbaji si wavivu tu, kama wanavyosemwa mara nyingi. Wakihamia mbinu mpya, nywila zote husimbuliwa na kuhamishwa kwa mkupuo mmoja, ilhali mwenye heshi kwa kawaida humsubiri kila mtumiaji aingie. Tena, nywila ambayo programu yenyewe huiwasilisha kwingine, mathalani kwa seva ya barua pepe, haifai kuhifadhiwa kama heshi, kwa kuwa seva hiyo huitaka nywila yenyewe.

Kwa nywila za watumiaji, hata hivyo, utetezi huo huvunjikia kwenye ufunguo: programu inayokagua ni lazima iufikie, kwa hiyo anayeiteka seva huondoka na kufuli pamoja na ufunguo wake. Wakati mwingine ufunguo hata hauhitajiki. Mwaka 2013 wadukuzi waliiba data za Adobe, ambako nywila zilikuwa zimesimbwa kwa namna iliyofanya zinazofanana zitoe matokeo yanayofanana, huku vidokezo vya kumkumbusha mtumiaji vikiwa wazi pembeni. Ilitosha kusoma vidokezo vya watu kadhaa wenye matokeo yaleyale ili kuibahatisha nywila yao wote.

Heshi nayo si kinga kwa jina lake tu. Heshi milioni 6.5 hivi za LinkedIn zilizovuja mwaka 2012 zilikuwa za SHA-1, mojawapo ya mbinu za kukokotoa heshi, bila chumvi, yaani bila ule mfuatano wa nasibu unaoongezwa kwa kila nywila ili mbili zinazofanana zisizae heshi moja; na SHA-1 ina kasi, sifa inayomfaa zaidi anayebahatisha. bcrypt, mbinu ya heshi ya mwaka 1999, hutumia chumvi na hujikokota makusudi: gharama, yaani kipimo cha kazi ya kukokotoa, ikiwa 12 ni mizunguko 4,096, na kila nyongeza ya moja huizidisha mara mbili. Mwendo huo humwumiza pia mwenye seva, kwani maombi mengi ya kuingia kwa pamoja hukilemea kichakataji, nami naona ni afadhali kuyawekea kikomo kuliko kupunguza mizunguko.

Kwenye ukaguzi ndiko wanaoanza hujikwaa. Wakikokotoa heshi upya na kuitafuta katika jedwali hawatapata kitu, kwa sababu chumvi mpya huzaa heshi mpya. Rekodi hutafutwa kwa jina la mtumiaji pekee, kisha programu husoma chumvi iliyomo ndani ya heshi iliyohifadhiwa na kukokotoa kwa hiyo. Heshi ya bcrypt ina herufi 60, ikianza na kitu kama $2b$12$. Safu ya jedwali inayohifadhi heshi ikiwa na nafasi ya herufi 50, na hifadhidata ikiwa imewekwa ikate ziada kimyakimya, usajili utafanikiwa, lakini mtumiaji hataingia kamwe, hata akiandika nywila iliyo sahihi.