Sheria Kiganjani: Tarehe ya Waraka Inavyoweza Kuangusha Shauri

Miaka ishirini iliyopita, mpelelezi wa kituo kidogo cha Rombo au Same aliyetaka kujua Mahakama ya Rufani imesema nini kuhusu kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, kilichopita mikononi mwa askari watatu bila maandishi, alilazimika kusubiri safari ya Moshi mjini au kumtegemea mwenzake mwenye nakala iliyofifia ya hukumu. Leo hukumu na sheria zinasomwa bure kupitia TanzLII, hazina ya mtandaoni inayosimamiwa na Mahakama ya Tanzania, na askari huyo anaweza kuzifungua kwenye simu kabla jalada halijapelekwa kwa wakili wa serikali. Naliona hili kuwa jambo kubwa kwa haki jinai, kwa sababu kosa linalogunduliwa wakati jalada bado lipo kituoni hurekebishika, ilhali likigunduliwa kwenye rufaa huwa limekwisha kumwachia mkosaji au kumweka gerezani asiye na hatia.

Wapo wanaohofu kwamba uwazi huu unawafundisha wahalifu mbinu za kukwepa mkono wa sheria. Sikubaliani nao. Mtuhumiwa anayejua kwamba muda wa msingi wa kumhoji akiwa chini ya ulinzi ni saa nne hajajifunza uhalifu. Amejua haki aliyopewa na Bunge.

Hoja inayonisumbua ni nyingine, nayo inahusu tarehe. Mwaka jana, kwenye benchi nje ya mahakama moja hapa Moshi, mwanasheria kijana alinionyesha katika simu yake Sheria ya Ushahidi iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kivuli cha kidole gumba kikiwa kimefunika maneno ya pembeni, na juu kabisa ikisomeka kuwa ni toleo la 2002. Alikuwa ametumiwa kwenye kundi la WhatsApp, naye akaiamini kwa kuwa aliyeituma ni mkubwa wake kazini. Siku ile alikuwa akijiandaa kwa shauri ambalo shahidi wake mkuu alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Kwa mujibu wa nakala ile, hakimu alipaswa kwanza kumhoji mtoto ili apime kama anaelewa maana ya kiapo na wajibu wa kusema kweli. Utaratibu huo uliondolewa na Sheria Na. 4 ya mwaka 2016. Tangu hapo, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, lakini kabla hajaanza lazima aahidi kusema ukweli na kutosema uongo. Ni sentensi moja tu, lakini Mahakama ya Rufani imewahi kuufuta ushahidi wa mtoto kwa sababu ahadi hiyo haikuonekana katika mwenendo wa shauri, na hatia ya ubakaji ikaanguka pamoja nao. Baadaye Mahakama hiyohiyo ilieleza kwamba kukosekana kwa ahadi hakuharibu kila shauri, hivyo hata anayesoma hukumu halisi, akiishia kwenye ile ya kwanza aliyoipata, hubaki na nusu ya sheria. Tena, toleo jipya la sheria zetu lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025 limebadilisha namba za vifungu kadhaa, na kifungu ambacho wengi wetu tulikikariri kama cha 127 hakipatikani tena kwa namba hiyo.

Tatizo hili lina ndugu yake. Ukiuliza mtandaoni kuhusu kumhoji mtuhumiwa, mara nyingi utaletewa kanuni ya Marekani iliyotokana na shauri la Miranda la mwaka 1966, ya kumweleza mtuhumiwa haki yake ya kukaa kimya na kuwa na wakili kabla ya kumhoji, ambayo haimfungi hakimu wa Kilimanjaro. Hata kumbukumbu za Mahakama ya Kimbari ya Rwanda, zilizozaliwa hapa jirani Arusha na sasa ziko wazi mtandaoni, zinamfaa mpelelezi kama somo la kumlinda shahidi aliyebakwa, kwani katika hukumu ya mwaka 1998 dhidi ya Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, mashahidi walitajwa kwa herufi badala ya majina yao. Hazimpi utaratibu wa kufuata katika mahakama ya wilaya.

Kwa hiyo sioni sababu ya kumnyang'anya askari simu. Naona sababu ya kumfundisha, kuanzia Shule ya Polisi hapa Moshi, aanze kusoma waraka wowote kwa kuangalia mwaka wa toleo na mabadiliko yaliyofuata, na kila ofisi ya upelelezi iwe na mtu mmoja mwenye jukumu la kuzifuta nakala zilizopitwa na wakati.

Kijana yule wa benchini, tulipofungua pamoja kifungu kinachotumika, alikisoma mara mbili kimyakimya. Kisha akaandika kwa kalamu juu ya jalada lake, "Ahadi ya mtoto iandikwe," akakipiga picha kifungu kile na kukituma kwenye kundi lilelile.