Pole ya Nini? Nguzo Nayo Ni Mchezo

Shangazi alipanda Coaster kutoka Tukuyu kuja kunijulia hali, na siku ya kwanza tu akaikuta simu yangu mezani inawaka. Kwenye kioo pameandikwa Pole Fitness. Akasoma neno alilolielewa, akashika kifua. "Pole ya nini tena, mwanangu? Nani amefariki?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha ikabidi nieleze kwamba hiyo ni pole ya Kiingereza, yaani nguzo, na kicheko kikaishia hapo, kwa sababu sijapata bado namna nzuri ya kumwambia mzee wa kanisa kwamba mtoto wa kaka yake amesimamisha bomba la chuma katikati ya sebule, kutoka sakafuni hadi kwenye boriti, na kwamba jioni akitoka kazini hulipanda, hulizunguka, na hujining'iniza kichwa chini miguu juu kama popo.

"Kama wale wanaocheza na nguzo kwenye mabaa?"

Swali hilo nimeulizwa na fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, ambaye mwanzoni alidhani nataka mlingoti wa antena. Nimeulizwa na jirani. Nimeulizwa na kaka mmoja aliyekuwa na nia ya kunioa (hakunioa). Nimechoka kulijibu mlangoni, basi leo nalijibu hapa: ndiyo, nguzo imepitia baa, na bado ni mchezo wa mashindano unaostahili chama, kocha na cheti cha usajili kama michezo mingine.

Tuanzie baa, maana ndiko mnakopenda tuanzie. Mchezo wa pool umelelewa wapi hapa kwetu? Meza iko baa, kreti za bia ziko pembeni, na kwa miaka kadhaa mashindano ya taifa yalibeba jina la bia yenyewe, Safari Lager. Mikoa ilitoa mabingwa, vikombe vikatolewa, magazeti yakaandika kwenye ukurasa wa michezo. Mwaka 2023 michezo ya SHIMIWI ilipofanyika Iringa, watumishi wa serikali walishindana kuvuta kamba, bao, draft, vishale na karata. Sijasikia mtu akiuliza karata zimekulia wapi, ingawa sote tunajua.

Halafu kuna kutunisha misuli. Kaka zetu hupanda jukwaani na kichupi kilichobana, mwili mzima umepakwa mafuta unang'aa kama sambusa, wanageuka mbele, wanageuka nyuma, na ukumbi unashangilia. Hilo tunaliita nidhamu ya mazoezi, na ni kweli ni nidhamu. Kwa hiyo baa haiwezi kuwa hoja, na mwili kuonekana peke yake hauwezi kuwa hoja. Nikimsikiliza vizuri anayeniuliza, naona ana shida na mapaja yangu tu.

Haya, tuzungumze mapaja. Kitambaa na chuma havishikani. Vaa taiti ndefu, panda nguzo, utashuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Breki ya mchezo huu ni ngozi: paja, nyuma ya goti, kiwiko kwa ndani, ubavu. Ndiyo maana nguo ni fupi, kama za muogeleaji zilivyo za kuogelea. Ngozi yenyewe iwe kavu, bila tone la losheni, na hapo ndipo mkazi wa Mbeya anapoteseka, kwa kuwa mwezi wa 6 na wa 7 sisi bila mafuta ya mgando tunapauka mpaka tunaandikika. Siku za mazoezi nashinda nimepauka miguu kama mtoto wa shule aliyetoroka kuoga. Baridi nayo ina kesi yake. Mji uko mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, chuma kikilala usiku mmoja wa Julai asubuhi hakigusiki, na ngozi iliyopoa haing'ang'anii kitu. Dakika 20 za kwanza ni za kupasha mwili na kulisugua bomba kwa viganja. Sijawahi kuona starehe ya namna hiyo.

Na bomba langu si sahihi. Nilinunua bomba la maji la inchi moja na nusu, ambalo kwa nje lina karibu milimita 48. Nguzo ya mashindano ni milimita 45. Milimita tatu zinaonekana upuuzi mpaka uwe na kiganja kidogo kama changu na uzito wako wote unaning'inia hapo.

Nimetaja nguzo ya mashindano kwa sababu vipimo vipo, na ndivyo vinavyonipa ujasiri wa kuandika haya. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSF, lilianzishwa mwaka 2009, na mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika London mwaka 2012. Mshindani hukuta nguzo mbili, moja imesimama tuli na nyingine inazunguka yenyewe. Kuna kitabu cha alama: kila pozi lina thamani yake, unachagua yako mapema, unayaandika kwenye fomu, na ukifika kwenye pozi unalishikilia sekunde mbili kamili, la sivyo umelikosa. Ukipiga msamba juu kule, jaji anatazama kama miguu imenyooka kweli au imekunjika kidogo. Ukiteleza, unakatwa. Viatu virefu haviruhusiwi, na kuvua nguo yoyote haruhusiwi mtu. Yapo makundi ya vijana wadogo, ya waliovuka miaka 40, ya waliovuka 50. Soma mwenyewe, utadhani unasoma kanuni za jimnastiki zilizosimamishwa wima.

Wapo wanaosema mchezo wa kupewa alama na majaji si mchezo, kwa sababu hakuna goli wala saa. Hao hao Jumamosi usiku wamekaa mbele ya runinga wanatazama ngumi, na raundi zikiisha bila mtu kulala chini wanasubiri kadi za majaji watatu, kisha wanagombana mtaani wiki nzima. Ugomvi wa kadi haujaifuta ngumi kwenye orodha ya michezo.

Kuhusu kupanda kitu kilichosimama: kupanda kamba kulikuwa mchezo wa Olimpiki ya kwanza kabisa ya Athens mwaka 1896, na mara ya mwisho kulishindaniwa Los Angeles mwaka 1932. India wana mallakhamb. Malla ni mwanamieleka, khamb ni nguzo. Wanamieleka wa Maharashtra waliitumia kujenga mwili, wakipanda nguzo ya mti iliyopakwa mafuta ya nyonyo, wanaume wamevaa kipande cha nguo tu kiunoni, na leo wasichana pia wanashindana. Jimbo la Madhya Pradesh liliutangaza kuwa mchezo wake rasmi mwaka 2013. Wachina wana sarakasi ya nguzo tangu enzi, na kwa sarakasi sisi si wageni wao, kwani miaka ya 1960 serikali yetu ilipeleka vijana China kujifunza fani hiyo. Sasa nikiwaeleza watu wa hapa habari za nguzo, akili zao zinakwenda Mafinga, kwenye mikaratusi inayogeuzwa nguzo za umeme za nchi nzima. Sawa. Yule fundi wa umeme anayepanda kwa vyuma vya miguuni na mkanda kiunoni tunamsimamia chini tukimwangalia kwa heshima. Mimi napanda bila vyuma na bila mkanda.

Hapa nigeuke niwaseme wenzangu, maana kuna tabia moja kwenye mchezo wetu inanikera kuliko maswali ya jirani. Kila anayetaka nguzo itambuliwe huanza kwa kuapa: sisi si wale, sisi hatuna uhusiano na wale, mchezo wetu ulitoka India na China. Uongo. Mizunguko mingi tunayofanya, na hata wazo la bomba jembamba la chuma, vimetoka kwa wanawake waliocheza kwenye klabu za usiku za Amerika ya Kaskazini. Miaka ya 1990 mmoja wao, Fawnia Mondey wa Canada, ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuwafundisha wanawake wa kawaida mizunguko hiyo kama mazoezi ya mwili. Walijifunza kwa kuanguka, bila godoro, mbele ya walevi. Huwezi kula ndizi za Rungwe huku unawatukana waliozilima. IPSF wana haki ya kupiga marufuku viatu virefu kwenye jukwaa lao, hiyo ni kanuni ya mchezo, kama mpira ulivyokataza mikono. Lakini kanuni ya jukwaani isigeuzwe kuwa matusi kwa watu walioitangulia.

Mwaka 2017 umoja wa mashirikisho ya michezo duniani, GAISF, uliipa IPSF hadhi ya mtazamaji. Vichwa vya habari vikapiga kelele kwamba nguzo inaelekea Olimpiki. Hadhi hiyo hiyo walipewa pia mchezo wa karata wa poker na kusukumana mikono mezani, na miaka mitano baadaye wanachama wa GAISF wakapiga kura ya kuuvunja umoja wenyewe. Kwa hiyo Olimpiki mimi sijaikalia kitako. Sababu yangu ya kutaka utambuzi iko begani.

Nilianguka mwezi wa 3, wakati wa mvua, hewa ina unyevu na bomba linatoa jasho. Nilikuwa najaribu pozi nililoliona kwenye simu, peke yangu, chini nimeweka godoro la inchi nne. Mguu ukaachia. Nilitua kwa bega la kulia, nusu godoroni nusu kwenye vigae. Hospitali nilipoulizwa imekuwaje, nikasema nimeteleza bafuni. Sikufikiri hata sekunde moja, uongo ulitoka wenyewe. Daktari akanitibu vizuri, akanionea huruma, akanishauri ninunue kandambili zisizoteleza.

Nimezinunua. Ziko mlangoni. Kila nikizivaa najiuliza kijana anayechezea timu ya mtaa pale Soweto ya hapa Mbeya akivunjika kifundo cha mguu anadanganya nini. Hadanganyi. Anasema aliumia mpirani, daktari anajua aulize nini, kocha anajua ampumzishe wiki ngapi, wenzake wanamchangia nauli. Mimi wiki ya tatu nilirudi kwenye bomba kwa kubahatisha, kwa sababu hakuna wa kumuuliza, na bega likanirudisha nyuma miezi miwili. Aliyenifundisha ni video. Video haiwezi kukushika kiuno.

Hicho ndicho ninachokitaka kwenye utambuzi. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ni ya mwaka 1967, na utaratibu wake unajulikana: chama kina katiba, kina viongozi, kinasajiliwa, kinawajibika. Chama kikiwepo, mtu anayejiita kocha wa nguzo anaulizwa kasomea wapi. Mtoto wa miaka 12 anayetaka kujaribu anakuwa na kanuni zinazosema apande nini na asipande nini, na mzazi anaingia ukumbini bila kujificha. Fundi wa Mwanjelwa anapewa kipimo cha milimita 45 na haulizi habari za antena. Mikeka ya kuangukia inanunuliwa minene. Hatuhitaji hata kugusa nyasi za uwanja wa Sokoine. Ukumbi wenye dari ya mita nne na kidogo unatosha, na kumbi za harusi zenye dari hiyo mjini hapa ninazijua, nimeshazipima kwa macho nikiwa nimekaa meza ya wageni nakula pilau.

Mtaniambia hakuna watu. Kweli, ni wachache, na wengine tumefunga mapazia. Mchezo unaofanyika gizani utapataje idadi ya kujisajili? Wasichana wa kwanza waliovaa bukta kucheza mpira walizomewa viwanjani, na Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wakafika fainali za Afrika mwaka 2010. Wangeambiwa kwanza wawe wengi ndipo waruhusiwe, tungekuwa bado tunawasubiri.

Shangazi alikaa kwangu siku nne. Siku ya tatu aliomba kuona. Nilipanda, nikajifunga kwa miguu, nikaachia mikono, nikahesabu mbili, nikashuka. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama bega haliumi, kisha akasema, "Ila mapazia, mwanangu, uwe unafunga."

Nilimwitikia, maana kwa shangazi huwa tunaitikia. Asubuhi yake nikayafungua yote. Ni Julai, na jua la saa nne lipitalo dirisha lile ndilo pekee linalolipasha bomba.