Kifurushi cha msosi: hesabu tulizopiga kabla ya kumpeleka Mama Disney

Mtu aliyekulia Tanzania ya vifurushi hahitaji kuelezwa mara mbili mpango wa chakula wa Walt Disney World, zile bustani za michezo za Disney kule Florida. Unalipa kabla, unapewa salio, unakula, na usilolila linafutika. Niliposoma masharti yake mara ya kwanza, hapa tunapoishi Atlanta, nilimwambia mke wangu, "Hiki ni kifurushi tu, ila badala ya MB wanatoa milo." Akaniuliza swali ambalo kila mteja wa simu huliuliza: "Na kisipoisha?"

Kisipoisha kinakwenda na maji. Usiku wa manane wa siku unayotoka hotelini, salio lote linafutwa, iwe umebakiwa na mlo mmoja au tisa. Tofauti na kifurushi cha simu, huwezi hata kumrushia ndugu yako.

Hii ilikuwa mwaka 2024, mwaka ambao mpango huo ulirudishwa baada ya kusimamishwa wakati wa korona mwaka 2020. Mama alikuwa amekuja kutoka Morogoro kutuona, na wanangu walishaamua kwamba Bibi harudi nyumbani bila kumwona Mickey. Bibi mwenyewe Mickey hamjui. Nilipomwonyesha picha alinyamaza kidogo, halafu akauliza kwa upole kama huyo ni panya na kama watu wanasafiri kumfuata.

Basi, kifurushi. Kulikuwa na viwango viwili, na vyote ni kwa wanaolala kwenye hoteli za Disney wenyewe. Cha chini kinakupa, kwa kila usiku unaolala, milo miwili ya kaunta, yaani unaagiza, unabeba sinia, unatafuta meza, pamoja na kitafunwa kimoja na kikombe cha kujaza soda, chai au kahawa pale hotelini siku zote utakazokaa. Mwaka ule kilikuwa dola 57.01 kwa mtu mzima kwa usiku, na dola 23.83 kwa mtoto wa miaka 3 hadi 9. Cha juu kinabadilisha mlo mmoja wa kaunta kuwa mlo wa kukaa mezani ukahudumiwa: dola 94.28 kwa mkubwa, 29.69 kwa mtoto. Tipu ya mhudumu haimo humo. Hiyo unatoa mfukoni, na mkiwa watu sita au zaidi wanaikata wenyewe, asilimia 18.

Mpaka hapo mtu unaweza kusema, si mbaya. Shida inaanzia kwenye masharti mawili. La kwanza, chumba kikiingia kwenye mpango, kila mtu mle ndani aliyefikisha miaka 3 ilikuwa lazima alipiwe, na kwa usiku wote mtakaolala. Huwezi kusema wewe na watoto mnanunua, Bibi atajitegemea. La pili, mtoto akifikisha miaka 10, kwenye chakula ni mtu mzima. Mwanangu wa kwanza alikuwa na miaka 11, na kwa kweli angeachiwa aishi kwa chipsi peke yake angeishi. Lakini kwenye karatasi yangu alisimama sawasawa na mimi baba yake ninayemaliza kuku mzima.

Kwa hiyo watu wazima wanne na binti mmoja wa miaka 6, usiku minne. Kifurushi cha chini kilitoka dola 1,007.48. Cha juu dola 1,627.24, kabla ya tipu. Kwa shilingi za wakati ule hiyo ya juu ilipita milioni 4, na kosa nililofanya ni kuitaja kwa sauti Mama akiwa sebuleni anamenya machungwa.

"Mwanangu," akasema bila kuinua macho, "hiyo ni kamati ya harusi?"

Nilicheka, lakini swali lake lilikuwa na akili kuliko alivyodhani. Maana nyumbani chakula cha kulipia kabla tunakijua kimoja tu, mchango wa harusi. Unalipa wiki kadhaa mapema, unapewa kadi imeandikwa "single" au "double", na siku ya siku unaingia ukumbini na kadi yako ambayo ndiyo sahani yako. Usipotokea, hela hairudi. Tofauti ni kwamba kwenye harusi hakuna anayekaa kupiga hesabu kama pilau aliyokula imefikia laki ya mchango. Ukimwona mtu anaipiga, unajua hakuwapenda maharusi. Disney watu wazima wenye digrii zao wanakaa na kalamu, wanalinganisha bei ya baga na thamani ya salio, na nilikuwa mmoja wao.

Kila nikiifikiria hii habari ninamkumbuka mama ntilie mmoja wa Kariakoo aliyenilisha miaka miwili nikiwa kibarua wa duka. Alikuwa na daftari la kurasa nyingi, jalada limeshaloa mafuta, na jina langu lilikuwa na ukurasa wake. Wali maharage, mstari. Wali samaki, mstari mrefu kidogo. Mwisho wa mwezi tunakaa kwenye benchi, anahesabu kwa kidole, mimi nabishana na mistari miwili mitatu, analegeza mmoja. Yaani nilikula kwanza, nikalipa baadaye, na kama ningehama mji bila kuaga, yeye ndiye angeumia. Wapo waliohama. Aliwajua kwa majina na aliendelea kuwasha jiko.

Marekani imenifundisha mpangilio wa kinyume. Huku anayekuamini hayupo, ila wewe unatakiwa uamini. Unaamini Februari kwamba mwezi wa saba utakuwa na njaa mara mbili kwa siku, mara moja ya kitafunwa, watoto hawataumwa tumbo, na mvua haitanyesha. Mwenye jiko ameshapokea chake. Usipokula, si yeye aliyepata hasara. Sisemi ni wizi, masharti yameandikwa na mimi nimeyasoma. Nasema tu kwamba hatari ya kutokuwa na njaa wameihamishia kwangu, na nilipaswa kulipwa kwa kuibeba, yaani kifurushi kiwe rahisi waziwazi kuliko kununua sahani moja moja. Nilipokwenda kuangalia menyu, hakikuwa hivyo. Mlo wa kaunta wa mkubwa ulikuwa unacheza kati ya dola 12 na 17, weka na soda. Milo miwili, kitafunwa, kikombe: ili ufikishe dola 57 inabidi kila mara uchague cha bei ya juu kabisa, na ikiwezekana unywe bia, kwa kuwa aliyefikisha miaka 21 kinywaji chake cha mlo kinaweza kuwa cha kilevi. Mama yangu ni wa kwaya ya kanisani. Asubuhi anakunywa chai na kipande cha mkate, mchana anakula, usiku anasema ameshiba tangu mchana.

Mke wangu alikuwa upande wa kununua, na hoja yake siidharau. Yeye anasema kilichomchosha siku zote kwenye matembezi ni kusema hapana. Unampeleka mtoto sehemu ya furaha halafu kutwa nzima unamwambia hapana, ghali, tulia, tutakula nyumbani. Kama umeshalipa, hapana inapungua. Anakumbuka Coco Beach ya utotoni mwake, baba yake alikuwa anawanunulia muhogo wa kukaanga mmoja mmoja, na kila mtoto alijua kuomba wa pili ni kumwaibisha mzee. "Ningependa mara moja tu," aliniambia, "wanangu waagize bila kuniangalia usoni kwanza." Hapo nilinyamaza. Nusura nilipe.

Kilichoniokoa ni kumbukumbu ya bustani nyingine, siitaji, tuliyokwenda miaka ya nyuma katika jimbo jingine. Kule tulinunua bangili za kula kutwa nzima, zenye kaujanja ka kwamba baada ya kila mlo unasubiri muda fulani ndipo uruhusiwe mwingine. Nilijikuta natazama saa badala ya kutazama watoto. Saa saba na robo nawatoa kwenye foleni ya mchezo wakale, eti muda umefika, na hakuna hata mmoja mwenye njaa. Mwanangu alikula nageti tatu, akasukuma sahani, nikazimalizia mimi kwa uchungu wa hela. Saa tisa radi zikaanza, michezo ikafungwa, tukaenda zetu kwenye gari tukiwa tumevaa bangili zenye milo ambayo hakuna aliyeila. Niliikata yangu kwa meno barabarani.

Basi hatukununua. Na kitu ambacho Watanzania wengi wa huku hawakijui ni kwamba Disney wanaruhusu uingie na chakula chako. Usibebe pombe, chupa za kioo, wala chakula kinachohitaji kupashwa moto. Vingine vingi, beba. Maji ya barafu ukiomba kwenye kaunta zao unapewa bure, na kwa jua la Florida mwezi wa saba hilo si jambo dogo.

Mama aliposikia chakula kinaruhusiwa alibadilika. Mpaka hapo alikuwa mgeni anayepelekwapelekwa, sasa akawa mwenye safari. Aliamka saa kumi alfajiri siku ya kuondoka, akasukuma chapati ishirini na mbili, akachemsha mayai, akazifunga chapati kwenye foili nne nne na kuzipanga kwenye begi la mgongoni la mjukuu. Langoni mlinzi alifungua begi, akainua furushi moja la foili, akalibonyeza kwa kidole, akalinusa. Mama alimtazama kama anavyomtazama mtu anayegusagusa nyanya sokoni bila kununua. Jamaa akacheka, akalirudisha polepole, akatuambia tupite.

Chapati karibu zote zilikwisha ndani ya siku mbili, baada ya hapo ni mikate na matunda ya dukani. Kila siku tulinunua mlo mmoja wa kaunta kwa wote, na mara moja binti yetu na mama yake wakaenda kwenye bufee ile ambayo Mickey na wenzake wanapita mezani kupiga picha. Hiyo ndiyo iliyouma kuliko yote, ila usingeweza kumweleza binti yule chochote jioni ile. Nilihifadhi risiti zote. Na kodi, na tipu, na vitu vya dukani, chakula cha siku zote kilikwenda dola 570 na ushee. Nusu ya kifurushi cha chini, na kidogo juu.

Shemeji yangu wa Dallas ananiuliza kama na wao waache. Nimemwambia asinifuate kichwa kichwa. Watoto wake wote wawili hawajafika miaka 10, na wanataka kula na wahusika wa katuni karibu kila siku. Mlo mmoja wa namna hiyo kwa mtoto ulikuwa unakaribia dola 40, wakati kifurushi cha juu cha mtoto kilikuwa dola 29.69 kwa usiku pamoja na milo mingine. Hapo hesabu inageuka, hasa ukipata meza mapema, maana wanafungua kuhifadhi siku 60 kabla na nafasi nzuri zinakwisha asubuhi hiyohiyo. Na mume wake ni mlaji. Kwa nyumba ile ningenunua, lakini ningeangalia kwanza ni mikahawa gani inayokata milo miwili kwa kikao kimoja, kwa sababu ipo.

Wakati wa kurudi Atlanta, watoto walishalala nyuma, Mama aliniuliza tena ile hesabu. Nikamwambia kwa shilingi. Akanyamaza mpaka tukavuka mpaka wa Georgia, tukaipita Valdosta, nikadhani naye amelala.

"Na hawakopeshi?" akauliza.

"Hawakopeshi, Mama."

Akafungua foili ya mwisho. Ilikuwa imebaki chapati moja, ngumu kama kadi, akaikata vipande viwili na kunipa kikubwa.