Kabla ya Kumpigia Fundi, Jua Lori Linaumwa Nini

Juzi nimemwona dereva, mtu mzima aliyezeeka kwenye usukani, akimlipa fundi wa barabarani kwa sababu ya kipira. Kipira! Kile cha duara kinachokaa kwenye kiungio cha upepo kati ya kichwa na tela. Cha zamani unakichomoa kwa bisibisi, kipya unakisukuma kwa kidole gumba. Fundi alimaliza kabla sigara ya dereva haijaisha, kisha akaandika bili: safari ya kuja, safari ya kurudi, saa za usiku, kazi, na chini kabisa, kwa maandishi ya aibu, bei ya kipira chenyewe.

Nilikasirika, ila hasira haikuwa ya fundi. Mwenzetu katolewa kitandani, kaja, kafanya kazi. Alichouza ni kule kuja. Kilichoniudhi ni dereva alipogeuka na kuniambia akicheka, "Kaka, kazi yangu mimi ni kuendesha."

Haya, endesha basi. Endesha hapo ulipo.

Ubishi wetu huu wa miaka yote, kati ya wanaojitengenezea na wanaopiga simu, nimeuchoka kwa sababu tunabishania mkono wa nani utashika spana. Spana unaweza kumpa yeyote. Kujua gari linaumwa nini ndiko ambako mimi simpi mtu, na huko hakuhitaji mabavu wala gereji.

Chukua upepo wa breki, maana ndio unaotulaza njiani kila kukicha. Lori halisogei hata ukitia gia na kukanyaga mafuta. Asiyejua anatangaza kwamba gia boksi imekufa na anapiga simu kwa sauti ya msiba. Anayejua anatazama geji. Mfumo uliojaa unasoma karibu na 120 psi. Ukishuka hadi kama 60, taa inawaka na mlio unapiga. Ukizidi kushuka, mahali fulani kati ya 45 na 20, breki za springi, zile zinazoachiwa na upepo, zinajikaba zenyewe, na zimeundwa zifanye hivyo hivyo. Gia boksi haina kosa lolote. Kuna mahali upepo unatoroka, na uzuri wake ni kwamba ukitoroka hupiga mluzi.

Basi weka vigingi kwenye magurudumu, jaza upepo, zima injini, nyamaza usikilize. Funga upepo unaokwenda kwenye tela. Geji ikitulia, tatizo liko nyuma. Ikiendelea kushuka, liko kwenye kichwa. Mwambie utingo akanyage breki. Mluzi ukianza pale tu anapokanyaga, tafuta kwenye njia ya breki ya mguu. Ukiwa upo muda wote, tafuta kwenye njia inayolisha matangi. Maji ya sabuni kwenye viungio yatakuonyesha mapovu. Hadi hapo hujafungua hata nati moja.

Sasa piga simu ukitaka. Lakini sikiliza tofauti. Mmoja anasema, "Fundi, gari limegoma." Mwingine anasema, "Fundi, valvu ya relei ya tela inatoa upepo nikikanyaga breki, viungio vyote nimevipima kwa sabuni, lete valvu." Kwa wa kwanza, fundi anakuja na boksi la spana na matumaini. Anazunguka gari, anainama, anakuna kichwa, anarudi kufuata spea, anakuja tena, na kila mzunguko wa gurudumu lake unaulipia wewe. Kwa wa pili anakuja na valvu mkononi. Fundi ni yule yule, ubovu ni ule ule, bili ni za watu wawili wasiofanana.

Na kuna jambo ambalo mafundi hawapendi tuliseme: mteja anayejua hauziwi kompresa nzima, ile pampu ya kujaza upepo, kwa ubovu wa kipira. Wengi wao ni waaminifu, nakubali. Hao wachache wasio waaminifu wanatutambua kwa sentensi ya kwanza ya simu.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Mita ndogo ya volti inaingia mfukoni. Betri zako mbili zikiwa zimejaa na injini imezimwa, unatakiwa usome kama 25. Injini ikiwaka, kama 28. Ikiwaka halafu namba haipandi, tazama mkanda na oltaneta inayochaji betri kabla hujailaumu betri yenyewe, na kabla ya yote kaza vichwa vya betri, maana nimeona stata nzima zikifungwa mpya kwa sababu ya kichwa kilicholegea. Dizeli: gari likipoteza nguvu mlimani, filta kwanza. Kumwaga maji kwenye kitenganishi, kubadili filta, kupiga pampu ya mkono hadi iwe ngumu na hewa itoke, dereva asiyeweza hayo ananishangaza.

Sasa upande wa pili, na nauandika bila furaha.

Kuna mashujaa wetu wanaodhani kulipa fundi ni udhaifu. Wanafungua kila kitu. Hawa wananitisha kuliko yule wa kipira, kwa sababu yeye anapoteza pesa tu. Chemba ya breki ya springi ina springi iliyobanwa kwa nguvu ya kuua. Ukifungua bangili yake, ile pete ya chuma inayoifunga chemba, bila kuibana springi kwa bolti yake, inaruka na chochote kilicho mbele yake, na kilicho mbele yake mara nyingi ni uso. Bomba la nozeli kwenye injini za siku hizi linaweza kubeba mgandamizo wa bar 2,000. Ukitafuta mvujo kwa kidole, dizeli inapenya ngozi na kuacha alama kama ya sindano. Haiumi sana mwanzoni, lakini ni safari ya moja kwa moja hospitali, kwenye upasuaji.

Na tairi. Tairi iliyotembea ikiwa na upepo chini ya asilimia 80 ya unaotakiwa haijazwi pale pale pembeni ya barabara huku umeichuchumalia. Nyuzi za ubavuni zinakuwa zimeshachoka ndani kwa ndani, na ukiijaza zinapasuka ubavu mzima, upande uliokaa wewe. Inavuliwa kwenye rimu, inakaguliwa, inajazwa ndani ya kizimba cha chuma kwa mpira mrefu wa upepo, mtu akiwa amesimama mbali. Hiyo ni kazi ya mwenye vifaa. Mlipe, na mshukuru.

Ukiwa kwenye kona, au usiku ubavu wenye ubovu ukiwa upande wa magari yanayopita, hata balbu iache. Weka pembetatu, kaa mbali, subiri.

Kuhusu kompyuta za malori mapya sina la kusema bila kutukana. Umenunua gari, lakini sensa moja ya moshi ikichafuka linakupunguzia nguvu hadi aje mtu na kifaa cha kulisamehe.

Ila hata ukimwita fundi, kazi yako haijaisha. Tairi ikibadilishwa, nati zinakazwa upya baada ya kilomita 50 hadi 100, na saa hiyo fundi yuko nyumbani kalala. Halafu wapo wenye malori wanaofungia spana ofisini eti dereva asiharibu gari, kisha wanalalamika bili za barabarani zimezidi. Bosi, nati hizo akaze kwa meno?

Mimi ninachodai kwa fundi yeyote niliyemlipa ni kimoja: spea mbovu aliyoitoa anipe mkononi. Naigeuza, natafuta ufa, natafuta palipochanika, nalinganisha na nilichosikia kabla sijampigia. Wengi wanacheka na kunipa, wengine hata wananionyesha palipoanzia. Mmoja alinikasirikia nilipoomba diaframu ya zamani, ule mpira wa ndani ya chemba ya breki, akasema ameshaitupa vichakani. Huyo simpigii tena.