Wagosi, tukiuza beki tudai vijana

Coastal Union, Wagosi wetu wa Tanga, ikifungwa mechi tatu mfululizo, mabaraza yote ya mtaa wa Ngamiani hutoa hukumu moja: kocha aondoke. Kahawa haijapoa, mtu keshafungashiwa virago, na jina la atakayekuja limeshatajwa. Hukumu hiyo imenichosha kuliko hata kufungwa kwenyewe. Makocha wanakuja, makocha wanaondoka, na timu inaporomoka kwa njia ileile. Mchawi tumtafute kwingine.

Mimi namuona kwenye dirisha la usajili.

Bakari Mwamnyeto alikomaa akiwa beki wetu. Mwaka 2020 akachukuliwa na Yanga. Ibrahim Ame, beki mwenzake, mwaka huohuo akaenda Simba. Ukuta wa kati wote umeng'olewa kwa dirisha moja, nusu Jangwani, nusu Msimbazi, halafu msimu unaofuata tunakaa jukwaani Mkwakwani, uwanja wetu, kumzomea kipa. Julai 2022 tulicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Yanga pale Arusha. Abdul Suleiman Sopu akafunga mabao matatu peke yake, mechi ikaisha 3-3, tukapoteza kwa penalti. Jezi haijakauka jasho, Sopu ni mtu wa Azam. Septemba Simba wakaja kumchukua na Juma Mgunda, kocha, mtoto wa nyumbani aliyeichezea Coastal enzi zake. Hapo nilijiuliza kama hata mfagiaji wa uwanja tutabaki naye.

Sisemi wachezaji wasiondoke. Kijana wa miaka 22 akipewa mshahara ambao hapa hatauona, aende, na dua zetu aende nazo. Lawama yangu ni kwa upande wa pili wa biashara: pesa inaingia, pengo linabaki. Nani alikuja badala yake? Swali hili mwanachama wa kawaida halijibiwi, na kwa kweli wengi wetu hatuliulizi. Sisi ni hodari wa kuuliza kocha kampanga nani.

Msimu wa 2015/16 bado unaniuma kwa sababu haukuwa wa timu isiyojua mpira. Januari tuliifunga Yanga 2-0 hapahapa Mkwakwani, Yanga ambayo ndiyo iliyokuja kuwa bingwa. Aprili tukakutana nao tena, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, na mechi ikavunjika kwa mawe ya mashabiki. Kisha tukashuka daraja. Tena hatukushuka peke yetu: African Sports na Mgambo nao walishuka, timu tatu za Tanga kwa mpigo. Mkoa mzima ukabaki bila timu Ligi Kuu, na Barabara ya 11 ikawa kimya kama nyumba ya matanga. Juma Mahadhi, aliyetung'arisha msimu ule? Yanga.

Tulirudi 2018, hata Alikiba tukamsajili (nililipenda tangazo lile kuliko nilivyoipenda hesabu yake), na msimu wa 2023/24 tukamaliza wa nne, nafasi iliyotupeleka Kombe la Shirikisho Afrika. Bravos do Maquis ya Angola ikatutoa mapema. Maana yake kupanda tunajua. Kinachotushinda ni kukaa juu tulikopanda.

Binamu yangu amelowea Chicago, na huko kaambukizwa ushabiki wa besiboli. Timu yake ni White Sox. Mwaka 2024 walicheza mechi 162, wakapoteza 121, idadi ambayo hakuna timu ya ligi kuu ya kule iliyoifikia katika enzi ya kisasa ya mchezo huo. Kuna wakati walifungwa mechi 21 mfululizo. Agosti wakamfukuza kocha, maana ugonjwa huu upo kila bara, na kufungwa kukaendelea. Nilimpa pole kwa simu. Akaniambia kwao hakuna kushuka daraja, mwakani wanaanza na wale wale. Nikamwonea wivu, ndugu zangu. Mtu kafungwa mara 121 na mimi wa Tanga namwonea wivu.

Lakini kilichonigusa zaidi kilitokea Desemba ile. White Sox walimtoa mrushaji wao bora, Garrett Crochet, akaenda Boston Red Sox. Badala yake wakachukua vijana wanne wa Boston. Mwaka 2025 walifungwa tena, mara 102, binamu akalalamika tena. Hata hivyo, miongoni mwa waliokuwa uwanjani walikuwamo Kyle Teel na Chase Meidroth, vijana wa biashara ile, na binamu analo jina la kushikilia anaposubiri.

Hilo ndilo ninalolitaka Mkwakwani. Simba, Yanga au Azam akija kumtaka beki wetu, mezani pawe na pesa na vijana wawili kutoka timu yake ya vijana, wahamie moja kwa moja. Mkopo sitaki. Mchezaji wa mkopo akichanua anarudi kwao, na sisi tunakuwa tumemlelea mwenye nyumba mtoto wake bure.

Mzee mmoja wa barazani kwetu alinikatiza: "Mwanangu, soka si besiboli, mchezaji lazima aridhie mwenyewe." Kweli kabisa, mzee wangu, kule mchezaji mara nyingi haulizwi. Ila kijana anayekaa benchi la timu ya vijana kule Dar es Salaam, anayejua mbele yake wamepangwa wageni kadhaa wa nafasi yake, ataridhia. Anachotafuta ni dakika za kucheza, na sisi dakika tunazo. Mzee akasema wakubwa hawatakubali. Labda. Basi wakatae kwa maandishi, na mkutano mkuu wa wanachama usomewe barua hiyo pamoja na hesabu: fulani kauzwa, kaingiza kiasi hiki, nafasi yake kapewa fulani.

Mkutano ujao nitakaa kiti cha mbele na majina yangu manne: Mwamnyeto, Ame, Mahadhi, Sopu. Atakayenyoosha kidole kumtaja kocha nitamwomba asubiri zamu yake.